Kusambaza si Kusema



Katika vikundi vyetu vya parokia unasikika usemi huu: "Mimi ninashiriki sana mtandaoni, kila siku ninasambaza." Husemwa kwa fahari, kana kwamba ni ushahidi wa bidii. Ninaupinga. Kusambaza si kusema. Anayepeleka mbele jumbe 30 za watu wengine tangu asubuhi hadi usiku hajasema neno lake hata moja. Na kikundi cha vijana 40 ambao wote husambaza na hakuna anayeandika ni kikundi bubu, hata kama simu zao hulia usiku kucha.

Najua mmechoka kusikia wazee wakizilaani simu. Msiogope, simu ibaki mkononi mwenu. Neno langu ni juu ya kitu kimoja kidogo kilichomo ndani yake: kitufe cha kusambaza, kile kinachomwezesha mtu kulichukua andiko la mwingine na kulipeleka mbele bila kuongeza hata nukta. Kitufe hicho kimetuzoeza tabia mbili zinazoonekana kupingana, kumbe zimetoka tumbo moja: kuyanyamazia yale tunayoyajua, na kupiga kelele juu ya nafsi zetu.

Asili ni nini?

Wengi hudhani kwamba mwandishi wa asili ni yule anayesema jambo ambalo halijasemwa na yeyote tangu dunia iumbwe. Kama ndivyo, basi hakuna hata mmoja kati yetu anayestahili jina hilo, na heri tuwaachie wenye vipaji vikubwa. Lakini lugha yetu inatufundisha vingine. Asili ni chanzo, ni shina, ni mahali kitu kilikotoka. Andiko la asili ni lile ambalo msomaji akiuliza, "Limetoka wapi?", anapata jibu: limetoka kwa fulani, aliyeona au kuchunguza jambo fulani, akiwa mahali fulani, siku fulani. Halihitaji kipaji cha ajabu. Linahitaji mtu mwenye mahali pa kusimama, asiyeona haya kupataja.

Mtazameni Mwinjili Luka. Mwanzoni mwa Injili yake anakubali waziwazi kwamba wengi walikwisha kuandika kabla yake, na kwamba habari hizo zilipokewa kutoka kwa walioziona kwa macho yao. Hakujidai kuwa wa kwanza. Hata hivyo hakuishia kuyapeleka mbele maandishi ya wenzake. Aliyachunguza yote tangu mwanzo, akayapanga, akamwandikia mtu mwenye jina, Teofilo. Huo ndio uasili ninaoutetea: kupokea, kuchunguza, kuongeza kazi ya mikono yako, na kutoficha ulikopokea.

Sisi walimu tunajua pia kwamba kunakili si kosa. Mtoto wa darasa la kwanza hunakili sentensi ya mwalimu kwenye kibao chake kabla hajaweza kutunga yake. Kosa ni kumkuta mtoto yuleyule amefika darasa la sita naye bado ananakili sentensi ileile, huku akitaka apewe alama za insha.

Kitufe kilivyoubadilisha mkono

Wako watakaonijibu: "Mwalimu, simu ni chombo tu. Chombo hakina ubaya, ubaya uko kwa mtumiaji." Maneno hayo yana sauti ya hekima, lakini hayasimami mbele ya yale yaliyotokea.

Mtandao wa Twitter, ambao leo huitwa X, ulianza mwaka 2006 bila kitufe cha kusambaza. Mtu aliyependezwa na neno la mwenzake alilinakili kwa mkono, akaandika herufi RT na jina la mwenye neno, kisha akalituma. Nafasi ilikuwa finyu, herufi 140 tu, hivyo mara nyingi ilimbidi apunguze maneno ili yaenee. Kazi hiyo ndogo ilikuwa shule. Ilimlazimu asome, achague, na aandike jina la mwingine kwa vidole vyake mwenyewe. Mnamo Novemba 2009 kampuni ilianza kutoa kitufe rasmi, na tangu hapo mguso ukatosha. Chris Wetherell, aliyeongoza kundi la mafundi waliokiunda, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alipoona watu wakikitumia kumshambulia mtu kwa makundi, aliwaza kuwa huenda wamemkabidhi mtoto wa miaka 4 silaha yenye risasi. Aliyesema hivyo si mzee anayechukia mambo ya kisasa. Ni fundi anayehukumu kazi ya mikono yake.

Mfano wa pili uko katika simu ya kila mmoja wenu. Mwezi Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote: ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya makundi au watu 5 kwa mara moja, ilhali kabla ya hapo ilikuwa 20. Mwezi Aprili 2020 ikakaza zaidi: ujumbe ambao umekwisha kupita mikono mingi upelekwe mahali pamoja tu kwa mara moja. Baada ya majuma machache kampuni ikatangaza kwamba jumbe za namna hiyo zilizopelekwa mbele zimepungua kwa asilimia 70. Je, watu walitubu katika majuma hayo machache? Hapana. Mlango ulifanywa mwembamba, basi. Kama chombo kisingekuwa na upande, kukibadilisha kidogo hivyo kusingeigeuza tabia ya mamilioni ya watu.

Mfano wa tatu. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi juu ya habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017 na watu wapatao milioni 3. Waliona kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko habari za kweli. Sababu kubwa haikuwa mashine. Walikuwa watu, na watu walivutwa na upya wa habari hizo, kwa kuwa uongo huweza kutungwa upya kila siku, lakini ukweli hauna budi kungojea mambo yatokee. Hapo ndipo mtego ulipo, wapendwa. Kitufe kinalipa upya, nasi tunadhani kinalipa asili. Jambo jipya lisilo na chanzo linakimbia, na neno lenye shina linabaki nyuma likitafuta viatu.

Kusambaza kunaweza pia kuzaa

Haki inanidai niutaje upande wa pili. Mwaka 2007, huko New York, kijana wa miaka 20 aitwaye David Karp alianzisha Tumblr, mtandao wa blogu fupi. Huko, kusambaza ni kublogu upya: andiko la mwenzako linahamia katika ukurasa wako likiwa bado na jina lake, nawe unaweza kuongeza lako chini yake. Mtu anaweka picha, wa pili anaandika sentensi, wa tatu anamjibu, wa nne anageuza yote kuwa hadithi. Kila mmoja amesimama na jina lake, na anayetaka anaweza kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Tena idadi ya wafuasi wa mtu haionyeshwi kwa wengine. Palikuwa na wavivu, naam, wenye kurasa zisizo na mstari mmoja walioutunga wenyewe. Lakini pia walitokea wachoraji na watunzi wa masimulizi ambao kazi zao zilikua kwa kuitikiana, kama wimbo unaoanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wengi.

Wachoraji wa huko walijifunza kutofautisha mambo mawili. Kumblogu upya mwenzako ni kumheshimu, maana jina lake linasafiri pamoja na kazi yake. Kuipakua picha yake, kuikata jina, na kuiweka upya kana kwamba ni yako ni wizi. Sasa ulizeni: sisi katika makundi yetu tunafanya lipi kati ya hayo mawili? Ujumbe ukipelekwa mbele kwenye WhatsApp, jina la mwandishi wa kwanza halibaki. Inabaki alama ndogo tu ya kuonyesha kwamba umetoka kwingine. Picha ya skrini nayo hukatwa kichwa na miguu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale tunayopeana ni maneno yatima.

Wala kitufe kizuri pekee hakitoshi. Mwezi Oktoba 2020, kabla ya uchaguzi wa Marekani, Twitter iliwasukuma watumiaji waongeze maneno yao kabla ya kusambaza. Ilipoondoa mpango huo mwezi Desemba, kampuni ilieleza kwamba nyongeza zilikuwa nyingi, lakini asilimia 45 kati ya nyongeza hizo zilikuwa neno moja tu la kukubali. Neno moja! Mlango ulifunguliwa, watu wakaulizwa, "Wewe wasemaje?", na karibu nusu yao wakajibu "Naam" na kuondoka. Mtu aliyezoea kurudia, ukimpa kiti cha kusemea, hukikalia kimya.

Chema chajiuza?

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mitandao imeipindua methali hiyo. Kando ya kitufe cha kusambaza imewekwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua nani aonekane. Basi hata chema kinalazimika kuzunguka mitaani kikijiita jina. Matokeo yake tunayaona: kijana aliyeandika mistari miwili anatumia saa tatu kuwaomba rafiki zake, "Nisambazieni, msinisahau." Hapati nafasi ya kuandika mstari wa tatu.

Kuna methali nyingine iliyo kali zaidi: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa zamani alisifiwa mara moja moja, na walevi wachache. Mgema wa mtandao anasifiwa kwa tarakimu kila saa, usiku na mchana. Naye anajifunza upesi maji gani ya kutia. Maji hayo ni sentensi inayomfaa kila mtu: "Usikate tamaa, wakati wako unakuja." "Wapo wanaokuchekea, lakini hawakupendi." Juu yake anaweka picha yake mwenyewe amekunja mikono. Haina kosa, haina mahali, haina tarehe. Ndiyo maana inasafiri.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kwetu. Kijana akiandika jinsi bei ya unga na ya makala ya kupikia ilivyopanda katika soko la Kadutu, Bukavu, na akieleza sababu zake, wangapi watasambaza? Wachache, kwa kuwa jambo lenyewe ni la Kadutu. Akiandika jinsi akina mama wa mtaa wake wanavyogawana zamu za kuchota maji, nani huko mbali atajali? Kitufe kinawaadhibu wenye mahali na kuwatuza wasio na mahali. Naye kijana, akiisha kuielewa kanuni hiyo, anaacha kuandika habari za Kadutu na kuanza kuandika kama mtu asiyetoka popote. Vijana wetu wanajitangaza sana, lakini nchi yao haitangazwi nao.

Kinachojaza nafasi waliyoiacha mnakijua. Ni picha za vita za mwaka mwingine, pengine za nchi nyingine, zilizobandikwa tarehe ya leo. Ni uvumi. Wakati wa Ebola iliyozuka Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na wakati huohuo yalizunguka maneno kwamba ugonjwa huo haupo, kwamba ni biashara ya wakubwa. Maneno hayo hayakuwa na mwandishi wa kuulizwa. Kila aliyeyapokea alisema, "Nimetumiwa tu." Katika nchi yenye majeraha kama yetu, "nimetumiwa tu" si udhuru mwepesi.

Hata sala haikuachwa. Mnazijua zile jumbe: "Itume sala hii kwa watu 10, kabla ya usiku utapata baraka, ukiivunja minyororo, ole wako." Hiyo si sala. Ni kitufe kilichovaa kanzu. Anayeituma anataka kupata kitu kwa kuhesabu watu, na anayeipokea anatishwa aendeleze hesabu. Ukitaka kumwombea mgonjwa wa mtaa wako, mtaje, mtembelee, umwandikie sentensi mbili zinazotoka moyoni mwako.

Majibu kwa wanaopinga

Mmoja ataniambia: "Sina cha kusema, wengine wamesema vizuri kuliko mimi." Juu ya mapenzi, mafanikio na siasa za dunia, huenda ni kweli. Lakini juu ya barabara inayopita mbele ya nyumba yenu, juu ya jinsi mtaa wenu ulivyopata jina lake, juu ya alivyosema bibi yako kuhusu miaka ya ujana wake, hakuna aliyesema vizuri kuliko wewe, kwa sababu hakuna aliyesema kabisa.

Mwingine atasema: "Kusambaza ni kuwapa sauti wasio na sauti." Nakubali nusu. Mtu asiye na gazeti wala redio ameweza kusikika kwa sababu wengine walimbeba. Lakini mbebe pamoja na jina lake, isipokuwa pale ambapo jina linaweza kumletea hatari. Hapo mlinde kwa kulificha, wala usiweke lako mahali pake. Anayeisambaza sauti ya mnyonge baada ya kumfuta mwenyewe amempora kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

Wa tatu atauliza: "Je, kujitangaza ni dhambi?" Si dhambi. Fundi wa kushona hutundika gauni mlangoni ili wapita njia walione, na hakuna anayemlaumu. Lakini gauni hilo amelishona yeye. Anayetundika gauni la jirani na kupokea sifa za mshono, huyo tumwiteje? Hata wenye mitandao wameanza kuona haya: mwezi Aprili 2024 Instagram ilitangaza kwamba kurasa zinazorudia mara kwa mara kuweka kazi za wengine, bila kuongeza la maana, hazitapendekezwa tena kwa wasomaji. Kama wafanyabiashara wameliona, sisi je?

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mega nyingi.

Kwanza, someni hadi mwisho kabla ya kutuma. Mwaka 2020 Twitter ilianza kumwuliza mtu kama amelisoma andiko kabla ya kulisambaza, na ikaeleza kwamba walioulizwa walifungua maandishi kwa asilimia 40 zaidi. Swali hilo mnaweza kujiuliza wenyewe, bila kampuni yoyote.

Pili, tajeni asili: nani amesema, lini, wapi. Kama hamjui, ujumbe ufie mikononi mwenu.

Tatu, kwa kila jumbe tatu za wengine mnazopeleka mbele, kila mmoja aandike moja yake, ya sentensi tano, juu ya jambo aliloliona kwa macho yake au kuliuliza kwa aliyeliona. Kikundi cha vijana 40 kikifanya hivyo mara moja tu kwa juma, mwisho wa mwaka kitakuwa na maandishi zaidi ya 2,000 juu ya mtaa wake, kwa lugha yake. Nani mwingine anayo hazina ya namna hiyo?

Nne, mkiisha kuandika, msirudi kuhesabu. Mwulizeni msomaji mmoja mnayemfahamu: "Umeelewa? Nimekosea wapi?" Jibu la huyo mmoja litawakuza kuliko vidole gumba mia moja.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Fungueni jumbe kumi za mwisho mlizosambaza. Ngapi mnaweza kutaja asili yake?

2. Ni jambo gani la mtaa wetu ambalo sisi tunalijua, na ambalo halijaandikwa na mtu yeyote? Nani kati yetu ataliandika kabla ya mkutano ujao, na nani atamsomea kabla hajalituma?

3. Je, kuna mtu ambaye tumeitumia picha, wimbo au maneno yake bila kumtaja? Tutamrudishiaje jina lake?